Maziwa ya Kwa Murdo

Tangu nirudi siwezi kupita barabarani hapa Nyamianda, Uvira, bila mtu kunishika mkono. "Papa Zakayo, tuambie! Uskoti iko namna gani?" Nikianza kueleza, simu inalia, au mteja anaingia dukani kutafuta dawa ya kupe, na habari inakatika nikiwa bado niko London. Basi naiandika yote mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, na mimi niuze dawa zangu za mifugo kwa amani. Mambo ya visa, tiketi na foleni za maofisini siyaandiki. Aliyeyapitia anayajua, na asiyeyapitia sitaki kumharibia siku.

Mnajua nilienda kwa ajili ya Solange, binti wa marehemu kaka yangu. Aliondoka hapa na mama yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo ni mwanamke mzima, anahudumia wazee majumbani mwao katika kijiji kidogo cha wakulima kaskazini mwa Uskoti. Huko akapata mchumba, Ewan, mtoto wa wafugaji wa hapo hapo. Kaka yangu hayupo tena, kwa hiyo neno la mwisho ni la mama yangu, na wa kutumwa kwenda kuwaangalia hao watu ni mimi.

Mama hakunipa maagizo mengi.

"Muntu anaweza kukudanganya na nyumba, anaweza kukudanganya na motokari," aliniambia. "Weye uangalie kitu kimoja. Bakupe maziwa ya ng'ombe yabo, mu nyumba yabo, itoke mu mikono yabo. Bakikupa, mutoto aolewe. Basipokupa, urudi, na minye nitamwambia Solange hapana."

"Na kama hawajui desturi yetu, mama?"

"Maziwa haiombwe, Zakayo. Usisubutu kuomba."

Kwa wale wa Kalundu ambao mmezoea samaki, niseme tu kwamba kwetu sisi watu wa juu, wa Hauts Plateaux, anayekupa maziwa ya ng'ombe wake amekufanya ndugu. Anayeyaomba amejiaibisha yeye na ukoo wake. Nilikuwa natumwa kungoja kitu ambacho sikuruhusiwa kukitaja, kwa watu ambao sikujua lugha yao. Nikasema sawa mama, nikafunga mzigo.

Nyamianda hadi Bujumbura

Mama alinipa chombo chake cha mti cha maziwa, kile cheusi kinachonukia moshi, akakifunga ndani ya kitenge. Dada yangu akaongeza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani waliokauka, mfuko mzima, nami nikamwambia watanifunga London kwa harufu hiyo. Akasema kama watanifunga, angalau nitakuwa na chakula.

Mpaka wa Kavimvira, wa kuingia Burundi, tulivuka vizuri. Tabu ilianza Gatumba, maana maji yalikuwa yamepanda tena mpaka barabarani. Taksi yetu iliingia mle polepole, ikakohoa, ikazima. Dereva akatugeukia sisi abiria akiwa na uso wa huruma kabisa, na kila mtu akaelewa: vua viatu, shuka, sukuma. Nilisukuma nikiwa na suti yangu ya kanisani, suruali nimeikunja mpaka magotini, na begi la chombo cha mama kichwani.

Pembeni yangu alikuwa anasukuma mama mmoja kutoka Runingu, mkulima, aliyekuwa anapeleka kuku wawili kwa mwanawe Bujumbura. Kuku walibaki ndani ya taksi wamestarehe. Akaniuliza naenda wapi na suti yote hiyo, nikamweleza. Alicheka hadi akaacha kusukuma.

"Maziwa? Kwa wazungu? Papa, kule maziwa inatoka mu boîte, ya kununua mu duka!"

"Hao ni wafugaji," nikamwambia. "Wana ng'ombe."

"Haya. Utaniambia ukirudi."

Nilikasirika, sifichi. Nilijiambia huyu mama wa mahindi anajua nini kuhusu ng'ombe. Uwanja wa ndege niliufikia miguu imelowa na soksi ziko mfukoni.

Addis Abeba

Addis ndege ilichelewa. Walitangaza, wakatangaza tena, wakatupa mkate na kitu chekundu cha kupaka ambacho sikukipatia jina. Nilikaa karibu na mzee mmoja Mwethiopia, mrefu, mwenye shuka nyeupe begani. Hatukuwa na neno hata moja la kushirikiana. Tulitabasamu, tukaangalia viatu vyetu, tukatabasamu tena.

Halafu akaona kitenge kimefunguka kidogo na shingo ya chombo inachungulia. Akakiinamia, akanusa, uso wake ukabadilika. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaikunja kama pembe ndefu, kisha akaninyooshea kidole: wenu wako hivi? Nikainua na mimi yangu, nikaipanua zaidi. Akashtuka. Akaonyesha pembe za kwao, nikaonyesha za dume la marehemu baba, ambalo pembe zake zilikuwa haziingii mlangoni. Wasichana waliokuwa wanapita na masanduku yao walisimama kutuangalia, wazee wawili wenye suti na shuka, tunapigana pembe bila sauti katikati ya uwanja wa ndege. Kusema kweli hapo ndipo safari ilianza kunifurahisha.

London na treni

Watu wa forodha walifungua begi. Dada mmoja mwenye glavu alifungua mfuko wa ndagala, akaufunga haraka, akapepesa macho. Akaunusa mkono wake. Kisha akakitoa chombo, akakigeuza, akachungulia ndani, akaniuliza ni cha nini. Kiingereza changu ni kile cha kuhesabu na kusalimia, nikamjibu ni cha maziwa. Maziwa yako wapi? Nikanyoosha mkono mbele, kaskazini, nilikodhani ndiko kaskazini. "Huko." Akacheka, akanirudishia vyote, hata ndagala.

Treni ya kwenda kaskazini ilikuwa safi na kimya kupita kanisa letu siku ya mazishi. Niliingia behewani nikawasalimia wote kwa sauti, kama mtu mwenye adabu. Hakuna aliyejibu. Wengine walitazama madirishani, mmoja akavaa vile vitu vya masikioni. Nikakaa nikiwa nimechukia: watu gani hawa, hata salamu! Baada ya muda mrefu bwana mmoja aliyekaa ng'ambo ya meza alikohoa, akasema "habari za asubuhi" kwa Kiingereza, taratibu, akasukuma pakiti ya biskuti mpaka mbele yangu. Nadhani alikuwa anajikaza muda wote huo. Nikampa ndagala mmoja. Alimtafuna mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, na akaniambia ni mzuri sana. Nilimpenda yule bwana.

Nje ya dirisha majani yalikuwa mabichi, mabichi, mabichi. Kila kilima kimekatwa na kuta za mawe, na kondoo wametawanyika humo. Watu sikuwaona. Nilijiuliza nani analima, nani anachunga, na kwa nini hakuna hata mtoto anayepunga mkono.

Barabara ya kondoo

Solange alinipokea stesheni. Niseme nini? Nilimwacha akinyonya kidole, na sasa ananishika mabega na kunifuta machozi. Ana paji la uso la kaka yangu. Nililia palepale na sikuona haya.

Nyuma yake alisimama Ewan, kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi au kwa hofu. Akainama, akatoa salamu aliyoifanyia mazoezi:

"Shikamoo, baba mdogo. Hujambo? Sijambo."

Alijiuliza na kujijibu mwenyewe. Nikamgeukia Solange: "Nani alimufundisha Kitanzania huyu?"

"Alijifunza mu simu, baba mudogo. Usimucheke, hajalala juu ya ile salamu."

Nikamwambia sisi Uvira tunasema "jambo" na yanaisha. Akasema jambo. Nikamjibu jambo. Masikio yakapungua wekundu.

Njiani tulikutana na kondoo wakiwa wamelala barabarani, kwenye lami, kwa raha zao. Ewan hakupiga honi. Alizima gari, akashuka kwenye mvua, akaanza kuzungumza nao na kuwasukuma matako kwa goti. Solange alianza kuniomba radhi kwa kuchelewa, nikamwambia aache. Nilikuwa namwangalia kijana anavyowagusa wanyama. Mtu hawezi kuigiza hilo.

Kwa Murdo

Jina la kijiji siwezi kuwaandikia, maana linaanzia kooni na linaishia puani. Mimi nilikiita Kwa Murdo, kwa jina la baba yake Ewan, mjane, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nyumba za mawe ziko chache, kanisa moja, shule iliyofungwa kwa kukosa watoto, na kijito kinachopiga kelele usiku na mchana. Ndani ya nyumba ya Murdo anaishi pia mama yake, nyanya Izobel, mzee anayetembea kwa kushika kigari. Huyo ndiye Solange alikuja kumhudumia, na kwa kumhudumia yeye ndipo akamjua Ewan.

Kabla hata ya kuingia ndani niliomba kuwaona ng'ombe. Murdo akafurahi. Akanipeleka zizini, nikawaona: weusi, wanene, manyoya kama blanketi, na hawana pembe hata moja.

"Pole sana," nikamwambia. "Nani aliwakata?"

Solange akatafsiri. Murdo akaeleza kwamba wanazaliwa hivyo. Nikatazama tena, nikawasikitikia kimoyomoyo. Lakini walikuwa na afya, kwato safi, macho maangavu, na kupe hakuna. Kama muuza dawa ningekufa njaa kule.

Tukaingia mezani. Najiambia sasa, sasa yanakuja. Murdo akaleta chai, mkate na siagi. Halafu akafungua friji akatoa chupa ya plastiki yenye kifuniko cha bluu na karatasi ya duka. Maziwa.

Yule mama wa Runingu nilimsikia akicheka mpaka pale.

Watu wenye ng'ombe waliojaa bonde zima, wananunua maziwa dukani! Nilifunika kikombe changu kwa mkono. Murdo akanyanyua chupa tena, nikatikisa kichwa. Solange alikuwa ametoka kumvisha nyanya Izobel viatu, hakuona. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, nikanywa chai nyeusi, nikala uji bila maziwa. Walinitazama kwa huruma. Siku iliyofuata nilikuta mezani sanduku jipya limewekwa mbele ya sahani yangu, na Ewan anatabasamu. Wameenda mpaka mjini kuninunulia maziwa ya soja! Walidhani tumbo langu halipatani na ng'ombe. Mimi! Mtoto wa mama yangu!

Nilikunywa soja. Ningefanyaje? Walikuwa wamehangaika. Lakini ndani nilikuwa nazama, kwa sababu nilishawapenda watu hawa, na kila kikombe cha soja kilikuwa kinanipeleka nyumbani na jibu la hapana.

Kilimani

Mvua ilipokatika Murdo alinichukua kupanda kilima nyuma ya nyumba, Solange akifuata kutafsiri. Nilidhani ni matembezi. Kumbe alitaka kunionyesha kwao.

Juu kidogo, jua lilipolala upande, niliona ardhi imekunjamana mistari mistari chini ya majani. Matuta. Ya zamani sana, lakini mkulima hawezi kuyakosea.

"Hapa walilima watu wetu," Murdo alisema. "Shayiri na oti, kwa mkono. Kila familia ilikuwa na matuta yake, na baada ya muda waliyagawana upya kwa kura, ili aliyepata udongo mbaya naye apate mzuri."

Akanionyesha juu zaidi mizunguko ya mawe iliyozama kwenye nyasi. Wakati wa joto, alisema, wanawake na wasichana walipanda na ng'ombe mpaka pale, wakalala kwenye vibanda, wakakamua na kutengeneza jibini.

"Ngoja," nikamwambia Solange. "Umesema wanawake walikamua?"

"Ndivyo anavyosema."

"Muulize tena."

Akamuuliza. Ni wanawake. Niliuliza tena kwa sababu kwetu mwanamke anashika vyombo, anasukasuka siagi, lakini chuchu ya ng'ombe haigusi. Ng'ombe wataharibika, wanasema wazee. Nikajiambia kila watu na mambo yao.

Tukafika kwenye kuta za nyumba zisizo na paa. Mlango mmoja bado ulikuwa na jiwe la kizingiti, limelika katikati kwa miguu ya watu. Murdo alieleza kwamba mwenye ardhi, tajiri aliyekaa mbali, aliona kondoo wana faida kuliko watu. Wakaondolewa. Wengine walivuka bahari, wengine, kama mababu zake, wakasukumwa chini kando ya kijito wakaanza upya kwa viazi. Baadaye wakaja farasi, yakaja matrekta, na kila mashine ilipofika familia nyingine ikafunga mlango. Hata ng'ombe: zamani kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake wa maziwa. Baba yake Murdo aliwafuga wengi, wa kukamuliwa kwa mashine, na lori likaja kuchukua maziwa. Siku moja lori likaacha kuja kwa wakulima wadogo. Mzee akawauza wote, akaanza ng'ombe wa nyama.

"Siku ile baba hakula," Murdo alisema.

Nilikuwa nimeketi juu ya kizingiti kile. Juu kwetu, kwenye nyanda ambako nilizaliwa, ziko nyumba za namna ile, na mnajua mawe ya nyumba isiyo na watu yanavyokaa. Nilimwambia Murdo kwetu pia ziko. Nilimwambia na mimi niliteremshwa nikiwa mtoto, tukikimbia vita, kwa miguu, na sikurudi kuishi kule. Solange alitafsiri kwa shida. Murdo aliketi kando yangu juu ya jiwe, likawa limetubana, tukaangalia bonde.

Hapo niliona siwezi tena. Tulipokuwa tunashuka nilimshika Solange mkono nikamwambia yote: agizo la mama yangu, maziwa, soja, kila kitu. "Lakini usiwaambie," nikasema. "Ukiwaambia, ni sawa na kuomba."

Solange alisimama njiani. "Baba mudogo! Ungeondoka hivi hivi? Ningekosa bwana juu ya adabu yako?"

"Ni desturi, mwanangu."

"Minye sikuambiwa nisiombe. Weye ndiye uliambiwa."

Akateremka kilima mbio.

Zizini

Nilipofika uani nyumba nzima ilikuwa imeshapinduka. Ewan alikuwa anatafuta ndoo. Murdo alikuwa ameshamwingiza ng'ombe mmoja mzee, mpole, mwenye ndama mchanga, kwenye kizuizi cha chuma. Nikajifanya sielewi kinachoendelea, nikaangalia mawingu.

Ewan alianza. Maisha yake yote hajawahi kukamua, na ng'ombe alijua hilo mara moja: ndoo iliruka ikagonga ukuta. Murdo akachukua nafasi. Yeye alikua na mashine, vidole vyake vilikuwa vinavuta kama mtu anayepiga kengele. Yalitoka matone mawili, akapigwa mkia usoni. Mikono yangu iliwasha, jamani. Ningeweza kuijaza ile ndoo nikiwa nimefumba macho. Lakini mgeni hajikamulii. Maziwa yakitoka mkononi mwangu hayana maana yoyote.

Ndipo tukasikia kigari kinakwaruza saruji. Nyanya Izobel alikuwa amevaa koti la mwanawe juu ya nguo ya kulalia, na anagomba. Solange hakutafsiri yote, lakini niliambulia kwamba anawauliza hawa wajinga wawili kwa nini hawakumwita tangu mwanzo.

Akaagiza kiti cha jikoni. Akaagiza ndama aletwe kwanza, anyonye kidogo, maziwa yashuke. Kama kwetu kabisa! Solange akamshika nyanya mgongo asianguke. Yule mzee akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akamwimbia kitu kwa lugha ambayo hata Murdo hakuijua vizuri, na vidole vile vilivyopinda, ambavyo asubuhi havikuweza kufunga kifungo, vikaanza kukamua. Ng'ombe akasimama kimya.

Mimi furaha na woga vilinipata pamoja. Ni mwanamke. Mama aliniagiza maziwa ya mikono yao, wala haikumjia kichwani kwamba mikono hiyo inaweza kuwa ya mwanamke. Nikinywa, nitamwambia nini? Nisipokunywa, mzee huyu ametoka kitandani kwa ajili yangu.

Solange alikuwa amekileta chombo cha mama. Wakachuja maziwa kwa kitambaa, wakayamimina mle. Nyanya Izobel akakishika kwa mikono miwili, bila kufundishwa, maziwa kidogo yakamwagikia koti, akanipa.

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikanywa.

Yalikuwa ya moto, mazito, yana moshi wa chombo chetu na majani ya kwao. Nilikunywa mpaka mwisho. Nyanya Izobel akamwuliza Solange kama mgeni analia kwa sababu maziwa ni mabaya. Wote wakacheka, na mimi nikiwa bado nalia nikacheka.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi ya kusimulia. Nilibeba jibini, soksi za sufu na wasiwasi. Kwenye treni, ndani ya ndege, Addis, kote nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo. Ningeweza kusema alikamua Murdo. Nani angejua? Gatumba maji yalikuwa yamepungua, taksi ikapita bila kuzima, na nilitamani izime nipate muda zaidi wa kufikiri.

Mama nilimkuta uani anachagua maharagwe kwenye ungo. Hakusimama. Aliniambia niketi, akaniuliza swali ambalo ninyi wote mnaopenda kuniuliza mambo ya ndege na theluji hamkuliuliza:

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Ya ng'ombe yabo? Mu nyumba yabo?"

"Ya ng'ombe wao. Kwao."

Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe. "Nani alikamua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi kumdanganya mama sikuwahi kuweza. "Nyanya yao," nikasema. "Mzee sana. Vijana walishindwa, akatoka kitandani akakamua yeye."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilianza kujitetea, kwamba kule desturi ni nyingine, kwamba ng'ombe hawakuharibika, kwamba ndama pia ni mzima, akaniambia ninyamaze.

"Ile wakati tulikimbia," akasema, "baba yenu alikuwa mbele na wanaume, hatukujua bako bazima ao hapana. Minye na ninyi, na ng'ombe mbili nyuma. Kila asubuhi mulikunywa maziwa. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Nakumbuka yalivyokuwa ya moto kwenye baridi ile.

"Ulifikiri nani alikuwa anakamua?"

Sikuwahi kufikiri. Miaka yote hii, sikuwahi kujiuliza.

"Nilikuwa naamuka mbele ya bantu bote, muntu asinione. Nilikuwa naogopa ng'ombe zitakufa juu yangu. Hazikukufa. Na ninyi hamukukufa. Sijasema kwa muntu, hata kwa baba yenu." Akafuta uso kwa pembe ya kitenge. "Mutoto aolewe. Piga simu."

Nikapiga. Solange alipokea kwa kelele za furaha kabla hata sijasema neno, lakini mama akaninyang'anya simu, akamwambia hamtaki yeye kwanza, anamtaka yule mzee. Tukasikia hatua, mlango, kigari kinakwaruza sakafu, kisha pumzi ya mtu mzee karibu na simu. Mama naye akapumua. Wakasikilizana hivyo, hawana lugha.

"Solange," mama akasema mwishowe, "umuambie minye pia nilikamua."

Nikamsikia Solange, kwa sauti ya chini, anatafsiri.